Theluji ya Jumamosi

Januari 1997, mpimaji mmoja wa kujitolea katika mji mdogo wa Montague, jimbo la New York, alipeleka taarifa ambayo wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani hawakuweza kuipokea hivi hivi. Kwa muda wa saa 24, kati ya tarehe 11 na 12, theluji iliyoanguka kwake ilifika inchi 77. Hizo ni kama sentimita 196, kimo cha kumfunika mtu mrefu aliyesimama wima. Montague imekaa juu ya uwanda wa Tug Hill, mashariki ya Ziwa Ontario, na watu wa huko theluji wanaijua. Hewa ya baridi kali hupita juu ya maji ya ziwa yenye joto zaidi, hubeba mvuke, na ikipandishwa na mwinuko wa nchi kavu huumwaga wote. Hata kwa watu hao, inchi 77 kwa siku moja lilikuwa jambo jipya: ilikuwa rekodi ya taifa zima.

Kamati ikaundwa kuchunguza. Kilichoiangusha rekodi ile si uongo bali idadi ya vipimo. Jumla ya inchi 77 ilitokana na vipimo sita vilivyochukuliwa ndani ya saa 24, ilhali mwongozo wa upimaji unataka visizidi vinne, yaani kimoja kila baada ya saa sita. Rekodi ikakataliwa, na hadi leo inayotajwa ni ile ya Silver Lake, Colorado, ya Aprili 1921: inchi 75.8. Na hiyo nayo ina yake. Theluji iliyopimwa Silver Lake ilikuwa inchi 87 kwa saa 27 na nusu. Kiwango cha saa 24 kilipatikana baadaye kwa kupiga hesabu ya uwiano.

Mara sita badala ya mara nne: kwa nini jambo dogo hivyo liangushe rekodi? Kwa sababu theluji hujishindilia yenyewe. Inapotua, chembe zake zina matawi membamba, na kati ya tawi na tawi mna hewa tupu. Nyingine ikiangukia juu yake, matawi huvunjika, hewa hutoka, na tabaka zima huzama. Muuza unga wa sokoni analijua hili bila kufundishwa: kopo lililojazwa taratibu bila kutikiswa huonekana limejaa pomoni, lakini ligongwe mara mbili mezani uone. Mpimaji anayesafisha ubao wake wa kupimia kila saa kisha akajumlisha, anauza unga usiotikiswa. Anayepima mara moja kwa siku atapata kidogo kuliko yeye. Rula zote mbili ni sahihi, na theluji ni ile ile.

Anayetaka kwenda kuteleza kwa skii na aanzie hapo, kabla hajatoa hata senti. Safari ya mlimani si ya bei ndogo: kuna tiketi ya lifti, viatu na mbao za kukodi, chumba cha hoteli, na mara nyingi malipo ambayo hayarudishwi hata kama mlima utakutwa na mawe wazi. Kiswahili siku hizi kinasikika Salt Lake City na Denver, katika familia zilizotoka Kongo, Burundi na Kenya, na kutoka miji hiyo milima ya skii iko mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Kwa familia ya namna hiyo, tangazo la “sentimita 30 mpya” ni mwaliko wa kutumia akiba ya mwezi. Wana haki ya kujua sentimita hizo zimetoka wapi.

Kifaa chenyewe cha kupimia ni duni kuliko wengi wanavyodhani. Ni ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeupe ili jua lisiupashe joto, uliolazwa chini mahali palipo wazi lakini palipokingwa na upepo. Kando yake husimama nguzo yenye alama za vipimo. Alfajiri, kabla lifti hazijaanza kuzunguka, mfanyakazi hufika na taa kichwani, husoma kimo cha theluji ubaoni, huufagia ukabaki mtupu, kisha huurudisha juu ya theluji kungojea ya kesho. Kazi imekwisha. Kila kitu sasa kinategemea mahali ubao ulipowekwa. Ukiwa kwenye ukingo unaopigwa na upepo, theluji hupeperushwa na ubao hubaki karibu mtupu. Ukiwa kwenye kona ambako upepo hutupa mzigo wake, sentimita 20 zilizoanguka kwa haki zitasomeka 60. Ndiyo maana wapimaji makini hutafuta uwazi katikati ya miti, na hawauhamishi ubao mwaka hadi mwaka.

Taarifa ya kituo cha skii kwa kawaida huwa na namba tatu, na kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza ni theluji mpya ya saa 24. Ya pili ni kina cha theluji yote iliyolala chini. Ya tatu ni jumla ya msimu. Hii ya tatu ndiyo inayopendwa na wauzaji, na ndiyo isiyomsaidia sana msafiri. Kituo cha Mt. Baker, katika jimbo la Washington, kilipata inchi 1,140 za theluji msimu wa 1998 hadi 1999, karibu mita 29. Wataalamu wa serikali walichunguza namna vipimo vilivyochukuliwa, wakaridhika, na ikawa rekodi ya dunia ya msimu mmoja, ikiishinda ile ya inchi 1,122 ya mlima Rainier katika jimbo hilo hilo. Lakini hakuna aliyesimama Mt. Baker juu ya mita 29 za theluji. Ile ya Novemba ilikuwa imeshindiliwa na ya Desemba, ya Desemba na ya Januari, na nyingine iliyeyuka ikaondoka. Jumla ya msimu inasimulia kilichopita. Anayesafiri Ijumaa anataka kujua kilichopo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuelewa kwa undani kwamba kimo cha theluji hakisemi yote hakuwa mtu wa skii wala wa fizikia. James Church alikuwa mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno, aliyependa kupanda mlima Rose wakati wa baridi. Bonde lililo chini lilikuwa na ugomvi wa maji: kila majira ya kuchipua watu walibishana Ziwa Tahoe litapanda kwa kiasi gani theluji ikiyeyuka. Church aliona kwamba kimo cha theluji hakijibu swali hilo, kwani mita moja ya theluji nyepesi na mita moja ya theluji nzito hazitoi maji sawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 akatengeneza bomba refu la chuma lenye meno makali mdomoni. Unalizungusha hadi ligonge ardhi, unalitoa likiwa na nguzo nzima ya theluji ndani, unalitundika kwenye mizani ya mkono, na mizani inakuambia moja kwa moja ni kimo gani cha maji ungekipata kama nguzo ile ingeyeyuka. Bomba la namna hiyo bado linatumika hadi leo.

Kwa mtelezaji, kipimo cha Church kinaeleza kile ambacho miguu itakihisi. Kwa kawaida husemwa kwamba sentimita 10 za theluji hutoa sentimita 1 ya maji, yaani asilimia 10, lakini huo ni wastani unaoficha mengi. Karibu na bahari, katika milima ya Sierra Nevada ya California, theluji mpya huwa na maji karibu asilimia 12. Alta, katika korongo la Little Cottonwood jimboni Utah, ni karibu asilimia 8. Sentimita 30 zenye asilimia 8 ni unga mwepesi ambao goti linaupasua bila kuhisi uzito. Sentimita 30 zenye asilimia 15 ni tope jeupe linalokamata skii na kuyachosha mapaja ya anayejifunza kabla ya saa nne asubuhi. Taarifa ya kituo itaandika “30” kote kuwili.

Profesa Jim Steenburgh wa Chuo Kikuu cha Utah, aliyeandika kitabu kizima kuhusu theluji ya jimbo hilo, ameongeza jambo ambalo wageni hulipita. Anasema theluji ya Utah si nyepesi kuliko zote, na kwamba ubora wake unatokana na mpangilio. Dhoruba nyingi za huko huanza na hewa isiyo baridi sana, zikamwaga theluji nzito, kisha baridi ikaongezeka na theluji ikawa nyepesi zaidi na zaidi. Nzito hukaa chini ikashika ardhi na kufunika mawe, nyepesi ikakaa juu. Mpangilio ukigeuka, nzito ikaja juu ya nyepesi, skii huvunja ukoko na kuzama, na safari ya kushuka inakuwa mateso hata kama rula imesoma vizuri. Kwa hiyo anayefuatilia dhoruba aangalie halijoto ilivyokwenda tangu mwanzo hadi mwisho: ilishuka, au ilipanda?

Marekani magharibi msafiri ana bahati, kwa sababu kazi ya Church imerithiwa na mitambo. Wizara ya Kilimo ina mtandao uitwao SNOTEL, wenye vituo zaidi ya 900 milimani, na kila kituo kina mto mpana, kama wa kulalia, uliojazwa majimaji yasiyoganda. Theluji ikilalia mto, uzito wake husomwa na kugeuzwa kuwa kimo cha maji. Kwa miaka mingi taarifa hizo zilisafirishwa kwa njia ya ajabu: mawimbi ya redio yalirushwa juu yakagonga alama zinazoachwa angani na vimondo vinavyoungua, yakarudi chini kwenye kituo cha kupokelea. Wizara ya Kilimo inataka kujua mashamba yatapata maji kiasi gani Juni, na haina tiketi ya lifti ya kuuza. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa mtelezaji. Kuna kituo cha SNOTEL karibu kabisa na Snowbird, jirani wa Alta, na yeyote anaweza kuangalia namba zake bila malipo na kuzilinganisha na tangazo la mlima. Maji yakiwa hayajaongezeka usiku kucha, halafu tangazo likadai nusu mita mpya, swali linajiuliza lenyewe.

Uswisi wana chanzo chao cha kuaminika pia. Katika uwanja wa vipimo wa Weissfluhjoch, mita 2,536 juu ya usawa wa bahari, karibu na mji wa Davos, theluji imepimwa tangu 1936. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos hutoa taarifa yake wakati wa baridi saa kumi na moja jioni, na ndani yake mna kiasi cha theluji mpya, nguvu za upepo, na kiwango cha hatari ya maporomoko kuanzia 1 hadi 5. Msafiri anayetegemea tangazo la kijiji chake cha skii peke yake, wakati taarifa hiyo iko wazi kwa kila mtu, anajinyima mojawapo ya vyanzo bora barani Ulaya.

Kosa kubwa kuliko yote linahusu mwinuko, na wageni hulifanya kwa wingi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kijiji cha Whistler, Kanada, kiko mita 675 juu ya bahari, na lifti za mlima Blackcomb unaopakana nacho hufika mita 2,284. Kati ya kijiji na lifti ya juu kabisa kuna tofauti ya nyuzi kama 10. Huenda mtu akaamka hotelini, akaona mvua inanyesha dirishani, akakata tamaa, huku juu ikianguka theluji safi. Na kinyume chake pia: kituo hupima theluji yake kwenye mita 1,650, namba ikapendeza, lakini mteremko wa mwisho wa kurudi kijijini ni maji na majani. Chembe ya theluji huweza kushuka mita mia mbili au tatu chini ya mpaka wa sifuri kabla haijayeyuka, kwa kawaida si zaidi ya hapo. Kwa hiyo utabiri unapotaja mpaka wa sifuri, mtu alinganishe na mwinuko wa lifti alizokusudia kuzipanda, si na mwinuko wa kijiji wala wa kilele.

Mwaka mpya wa 2023 uliwafundisha Waulaya somo hilo kwa ukali. Tarehe 1 Januari mji wa Delémont, Uswisi, ulifika nyuzi 20.2, joto ambalo halikuwahi kupimwa mwezi Januari katika sehemu ya Uswisi iliyo kaskazini ya milima ya Alps. Vituo vya chini vilifunga miteremko katikati ya likizo. Siku chache baadaye, mashindano ya Kombe la Dunia yalifanyika Adelboden juu ya utepe wa theluji ya mashine, na kila upande wa utepe huo palikuwa na majani ya kijani na udongo. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Kwenye orodha ya miteremko ya siku hiyo, mteremko ule ulistahili kuandikwa “wazi”, na ulikuwa wazi kweli. Neno hilo halimwambii mtu upana wake.

Theluji ya mashine inastahili kuelezwa bila dharau, kwa sababu pasipo hiyo vituo vingi visingefungua Desemba. Mashine hurusha matone madogo ya maji hewani yakaganda kabla ya kutua. Kinachohesabika hapo ni halijoto pamoja na ukavu wa hewa: hewa ikiwa kavu sana, theluji inaweza kutengenezwa hata kipimajoto kikisoma nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri, kwa kuwa tone linapopoteza mvuke hupoa; lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, hata sifuri kamili haitoshi. Inayotoka si unga. Ni chembe za mviringo zilizobanana, nzito mara nne au tano kuliko theluji mpya ya mawinguni, zinazovumilia jua na mvua kwa muda mrefu. Sentimita 50 za theluji ya mashine ni msingi imara kuliko sentimita 50 zilizoanguka jana. Kwa mtoto anayejifunza, zinafaa kabisa. Kwa mtu aliyekuja kutafuta kina cha magoti katikati ya miti, hazifai kitu. Huko Lesotho, kituo cha Afriski, kilicho juu ya mita 3,000, hutegemea sana mashine hizo katika msimu wake wa Juni hadi Agosti. Ni ndani ya jengo tu, kama Ski Dubai iliyofunguliwa 2005, ambako mtu hana haja ya kuuliza habari za theluji.

Mashine nazo zikishindwa, mambo huwa mabaya. Februari 2020 kituo cha Luchon-Superbagnères, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees, kilibebewa na helikopta tani kama 50 za theluji kutoka juu ya mlima ili kufunika miteremko ya wanaojifunza. Lawama zilikuwa nyingi, na zilikuwa za haki.

Halafu kuna yale yanayotokea baada ya theluji kuanguka, ambayo tangazo la asubuhi haliyajui. Upepo mkali wa saa sita unaweza kuufanya unga kuwa ukoko mgumu. Mvua ya nusu saa ikifuatwa na usiku wa baridi hugeuza mlima mzima kuwa barafu. Jua la Machi hulainisha mteremko mmoja na kuuacha mwingine kama ulivyo: kaskazini ya ikweta miteremko inayotazama kaskazini huhifadhi theluji yake, na kusini ya ikweta, kama Lesotho, ni inayotazama kusini. Kwa sababu hiyo ramani ya kituo ina faida kuliko picha zake za matangazo. Mlima wenye lifti zake nyingi upande usiopigwa na jua utakuwa na theluji nzuri wiki nzima baada ya jirani yake kuharibika, hata kama namba zao za Jumatatu zilifanana.

Utabiri nao una mipaka yake, na ni vizuri mtu ajue inapoanzia. Siku kumi kabla, wataalamu wanaweza kusema kama hewa ya baridi na unyevu inaelekea upande fulani wa bara. Anayetaja sentimita kwa siku ya kumi anabahatisha. Siku tatu kabla, kiasi huanza kuaminika, ingawa mlima mmoja na mwingine unaopakana nao bado inaweza kutofautiana sana kwa sababu ya pande za upepo. Anayeweza kungoja na aweke nafasi ya hoteli inayofutika bila gharama, kisha aamue jioni ya mwisho.

Theluji nyingi nayo inaweza kuharibu safari, jambo ambalo wachache hulitia akilini. Msimu wa 2022 hadi 2023 Alta ilipata inchi 903, karibu mita 23, na maji yaliyolala ndani ya theluji ya Utah yalifika wastani wa inchi 30, yakivunja rekodi ya 1983. Watu waliokuwa na tiketi walifurahi, kisha wakaikuta barabara ya Little Cottonwood imefungwa. Korongo ni jembamba, kuta zake ni kali, na njia nyingi za maporomoko hukata barabara hiyo moja. Alta ndiko mizinga ya kijeshi ilikoanza kutumika nchini Marekani kuangusha theluji ya hatari kwa makusudi, mwaka 1949. Hatari ikizidi, hutolewa amri ya kila mtu kubaki ndani ya jengo alimo; kutoka nje ni kosa la kisheria, na amri hiyo imewahi kudumu zaidi ya siku mbili mfululizo. Asubuhi ya theluji kubwa kuliko zote, basi, swali la kwanza la msafiri ni barabara. La pili ni lifti ngapi zinazunguka. Idadi ya lifti ni namba ngumu kuipamba, kwa sababu mgeni akifika ataziona mwenyewe.

Sasa limebaki swali la uaminifu, na hapo kuna ushahidi. Wachumi wawili wa chuo cha Dartmouth, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walikusanya taarifa za theluji zilizotolewa na vituo vya skii vyenyewe, wakazilinganisha na vipimo vya vituo vya hali ya hewa vilivyo jirani. Kuanzia 2004 hadi 2008 vituo vya skii vilidai theluji mpya zaidi kwa kati ya asilimia 12 na 23. Hiyo peke yake ingeweza kutetewa: mlima ni mrefu, kipimo cha juu huzidi cha chini. Jambo lisiloteteeka ni kalenda. Kutia chumvi kuliongezeka mwishoni mwa wiki, siku ambazo watu hawako kazini, ilhali vipimo huru havikuonyesha tofauti yoyote kati ya Jumamosi na Jumatano. Na vile vituo vilivyokuwa na faida zaidi ya kuvuna kutokana na kutia chumvi ndivyo vilivyotia zaidi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, Waswahili walishasema. Hapa ngozi ilivutwa zaidi siku ya mnada.

Utafiti huo, uliochapishwa katika jarida la kiuchumi mwaka 2016, haukuishia kwenye lawama, na sehemu yake ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kwa msomaji. Mwanzoni mwa 2009 programu moja ya simu za iPhone iliongeza uwezo mpya: mtelezaji aliyekuwa juu ya mlima aliweza kuandika papo hapo alichokikuta na wengine wakakisoma. Tangu hapo kutia chumvi kulipungua kwa kasi. Kilichofanya kazi hiyo kilikuwa watu wa kawaida waliosimama kwenye theluji wakisema ni sentimita 10, si 25.

Tangu wakati huo vituo vingi, hasa Amerika Kaskazini, vimeweka kamera inayotazama nguzo ya kupimia usiku na mchana, na msafiri akiwa kitandani kwake anaweza kuona ubao ukisafishwa na theluji ikipanda alama kwa alama. Kituo chenye kamera hiyo kimekubali kuchunguzwa, na kinastahili kupewa upendeleo. Kisicho nayo kiulizwe kwa nini, kwa barua pepe au kwa simu, kabla ya kulipwa.

Na aliyekwisha kufika, akaonja mwenyewe, asinyamaze. Apige picha ya theluji pale anapoikuta, aandike saa, mwinuko na upande wa mlima, aseme kama ni unga, ukoko au barafu, aitume palipo na macho ya watu kabla hajavua viatu. Familia inayotafakari safari ya Jumamosi inaisubiri taarifa hiyo.